Kanda za nyimbo za Kihindi zilizoongezewa ngoma (Jhankar): nani alizianzisha, na kwa nini?

#1 Kisutu77
Wakuu, salaam. Hoja yangu ni hii: nyimbo nyingi za Kihindi ambazo sisi wa redio kaseti tunadai tunazijua, hatuzijui kama zilivyopigwa kwenye picha. Tunazijua zikiwa tayari zimeongezewa ngoma juu, zile kanda zilizoandikwa "Jhankar Beats" kwenye jalada.

Mfano ni "Chura Liya", picha la Yaadon Ki Baaraat, 1973, muziki wa R.D. Burman, waimbaji Asha Bhosle na Mohammed Rafi. Rekodi yenyewe inaanza na glasi inagongwa taratibu, kisha gitaa, kisha Asha anaingia kama mtu anayekunong'oneza. Kwenye kanda niliyokua nayo mimi, ile glasi huisikii. Kuna ngoma za umeme tangu mwanzo, na kila Asha akivuta pumzi mwishoni mwa mstari kuna mtu anashusha "tukutuku-tukutuku-ta!" mpaka spika inatetemeka. Na mtaani kwetu watu wakiuimba wimbo huu, hiyo "tukutuku" wanaitia mdomoni kama sehemu ya wimbo.

Sasa nauliza: nani alianza kazi hii ya kupachika ngoma? India, Pakistan au Dubai? Na walikuwa wanatafuta nini? Wenye kumbukumbu njooni.

#2 SitiYaMbele
Naweka kambi hapa. Waje wenye kanda zao.

#3 MzeeWaDeki
Kisutu77, umegusa penyewe. Nimefanya kazi kwenye kibanda cha kurekodia kanda Kariakoo, kwa hiyo nitakwambia nilichokiona mezani.

Nyimbo nyingi za miaka ya 1950 na 1960 zilirekodiwa mono, yaani sauti zote kwenye njia moja. Sauti ya mwimbaji iko mbele kabisa, ngoma ziko nyuma. Kwenye sahani inapendeza. Lakini kanda inatembea chini ya sentimita 5 kwa sekunde, na sisi tulikuwa tunanakili nakala ya nakala ya nakala. Kila ukinakili, sauti za juu zinapungua na ule mvumo wa "shhhh" unaongezeka. Ikifika nakala ya nne, Mukesh anaimba huku mvua inanyesha.

Ukiweka ngoma kali juu, mteja hausikii mvumo tena. Anasikia kanda "inapiga". Wateja walikuwa hawaniulizi wimbo ni wa mwaka gani, wanauliza "hii ina jhankar?" Ukimpa isiyo na ngoma anakurudishia, anasema umemuuzia kanda mbovu. Kwa hiyo mimi nasema chanzo ni ubovu wa kanda. Ngoma ziliwekwa kuficha.

#4 Mvita_Asili
Assalaam alaikum nyote. Mwauliza nani alianza kuzigeuza nyimbo za Kihindi na hamumtaji Juma Bhalo, mwimbaji wa taarab? Hapa Mombasa twamjua tangu miaka ya 1960. Alikuwa akichukua tuni ya picha la Kihindi, aitia maneno ya Kiswahili, na mashairi yenyewe mazito. Tabla ipo, harmonia ipo, tashkota ipo. Watu walikuwa watoka sinema Jumapili wameshiba ile tuni, na baada ya siku chache Bhalo aiimba harusini kwa Kiswahili. Kugeuza nyimbo za Kihindi ni kazi ya pwani kabla hiyo jhankar haijazaliwa.

#5 Kisutu77
Mvita_Asili, heshima zote kwa marehemu Bhalo, lakini yeye alikuwa anaimba upya na wanamuziki wake. Ninachouliza mimi ni rekodi ileile ya Rafi, sauti ileile ya Rafi, halafu mtu mwingine anapiga ngoma juu yake miaka 20 baadaye. Ni vitu viwili mbali mbali.

#6 Mvita_Asili
Mbali vipi? Msikilizaji alitaka kitu kimoja: wimbo aupendao, ucheze kwa mwendo wa nyumbani kwake. Mmoja alitia maneno, mwengine alitia ngoma.

#7 JichoLaSheria
Wadau, jibu liko kwenye sheria na biashara. Nendeni kwa Gulshan Kumar, mwenye T-Series.

Huyu alianza na familia yake wakiuza juisi ya matunda Daryaganj, Delhi. Mwaka 1983 akaanzisha T-Series, kampuni ya kanda. Wakati huo HMV, kampuni kongwe ya sahani, ndiyo ilikuwa imeshika karibu nyimbo zote za zamani, na kanda zake zilikuwa ghali na hazipatikani vijijini. Sheria ya hakimiliki ya India ya 1957, kifungu cha 52, ilikuwa na mlango: wimbo ukishatimiza miaka miwili tangu urekodiwe, mtu mwingine anaweza kutoa toleo lake kwa kutoa taarifa na kulipa mrabaha. T-Series wakaingia mlango huo na miguu yote. Wakatafuta vijana wenye sauti zinazofanana na wakongwe, wakaimba upya nyimbo za Rafi, Mukesh na Kishore, wakauza kwa bei ya chini kabisa. Anuradha Paudwal kaimba nyingi, Sonu Nigam kaanza kujulikana na nyimbo za Rafi.

Kwa hiyo jhankar ni mbinu ya kukwepa HMV. Ukibadilisha wimbo, unakuwa "toleo".

#8 Daftari_Jeusi
JichoLaSheria, historia umeipanga vizuri ila hitimisho linapwaya. Kifungu hicho kiliruhusu kuimba UPYA. Hakikumruhusu mtu kuchukua rekodi ya HMV yenye sauti halisi ya Rafi akaongeza ngoma kisha akasema ni yake. Rekodi ni mali ya aliyeirekodi. Kwa hiyo kanda za Sonu Nigam kuimba nyimbo za Rafi, sawa, mlango huo unazieleza. Kanda za Jhankar zenye Rafi mwenyewe haziwezi kutokea mlango huo, labda HMV watoe wenyewe au mtu aibe.

Tena hiyo miaka miwili haipo leo. Walirekebisha sheria 2012, sasa ni miaka mitano.

#9 JichoLaSheria
Tunazungumzia enzi za kanda mkuu, marekebisho ya 2012 hayahusiki. Na soko halikuwa linasoma vifungu. Muuzaji alitaka bidhaa isiyofanana na ya jirani yake. Jalada jipya, neno jipya, ngoma mpya, bei mpya.

#10 Pamba_Nyeupe
Mbona mnajisumbua, Jhankaar Beats ni picha la Kihindi. Nililiona mimi. Jina limetoka hapo.

#11 Daftari_Jeusi
Picha hilo ni la 2003, tena lilitengenezwa kumuenzi R.D. Burman, aliyefariki Januari 1994. Kanda zilikuwepo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Picha ndilo lililochukua jina kwenye kanda.

#12 SitiYaMbele
Pamba_Nyeupe karudishwa siti ya nyuma 😄 Endeleeni wakuu.

#13 MuscatKwetu
Mie naandika kutoka Muscat, asili yangu Unguja. Mmetaja India tu, na mnaisahau Ghuba.

Miaka ya 1980 na 1990 ukipita Ruwi hapa, au Deira kule Dubai, maduka ya kanda yalikuwa yamepangana. Wanunuzi ni Wahindi, Wapakistani, Wabengali, Wabaluchi, na sisi Waswahili. Kanda za Thomsun za Dubai kila mtu alizijua. Zikifuatana nazo zilikuja za Karachi zenye majina Sonic na Eagle, na hizo ndizo nilizozisikia mie kuwa na jhankar kali kuliko zote. Mwangwi umejaa, ngoma zinaruka kutoka spika ya kulia kwenda ya kushoto.

Sababu ya Karachi iko wazi. Baada ya vita vya 1965 Pakistan ilipiga marufuku picha za Kihindi kwenye majumba ya sinema. Lakini watu hawakuacha kuzipenda nyimbo zake. Kampuni ya India ingemshitaki nani huko? Ndio maana waliweza kuchukua sauti ya Lata yenyewe wakaipigia ngoma bila ya khofu. Daftari_Jeusi, hilo ndilo jibu la swali lako la post namba 8.

Jamaa zetu wakija Muscat kutembea wakirudi Unguja, kanda zilikuwa kwenye sanduku pamoja na vitenge, halwa na maziwa ya unga. Darajani walikuwa wakizinakili siku hiyohiyo.

#14 Daftari_Jeusi
Hoja nzito hii. Ila sasa eleza: kwa nini HMV wenyewe, ambao tangu 2000 wanaitwa Saregama, wana albamu zilizoandikwa Jhankar Beats kwa jina lao? Hao si wa Karachi na hawakuhitaji kuiba, nyimbo ni zao.

#15 MuscatKwetu
Waliona soko limekwenda wakalifuata. Mwenye mali akiona mwizi anauza zaidi yake, naye anapika kama mwizi.

#16 Daftari_Jeusi
Au Karachi ndio waliowafuata India. Bila tarehe ya kanda ya kwanza mezani, huwezi kusema nani kamfuata nani.

#17 Octa_Upanga
Habari zenu. Nimepiga ngoma kwenye bendi za harusi za Kihindi hapa Dar, kwa hiyo niwaeleze kile chombo chenyewe, maana naona kila mtu anasema "ngoma" tu.

Sauti ya jhankar asilimia kubwa ni Octapad. Roland walitoa ya kwanza 1985. Ni kibao kina vipande vinane vya mpira, unapiga kwa fimbo kama drams, na kila kipande unakipa sauti unayotaka: tom, kongo, kofi, ile "pyuuu" ya kushuka. Mtu mmoja anabeba begani kazi ya watu wanne. Bendi za India ziliipenda tangu ilipotoka na mpaka leo harusi haikamiliki bila hiyo.

Sasa sikilizeni kwa makini kanda yoyote ya jhankar ya wimbo wa zamani. Wanamuziki wa miaka ya 1960 hawakuwa wakipiga kwa mashine. Mwendo wao unapumua, wakifika kwenye mashairi wanatulia, wakirudi kwenye kiitikio wanakaza kidogo. Yule anayepiga Octapad juu yake miaka 20 baadaye amevaa hedifoni na anawafukuza. Ubeti wa pili utasikia ngoma yake imechelewa nusu ya pigo. Anajua amechelewa. Basi mwishoni mwa mstari anamwaga tom zote nane, "tukutuku-tukutuku-ta", na anapotua anatua pamoja nao. Kisutu77, ile "tukutuku" yako ya post ya kwanza mara nyingi si pambo. Ni mtu anarudi barabarani. Mimi nilijifunza kupiga kwa kuwafuatisha hao, na hapo ndipo nilipowavulia kofia. Kumfuata mpiga tabla wa 1965 bila kumwona, bila kumsikia vizuri, kwenye wimbo ambao haujahesabiwa, ni kazi ngumu sana. Majina yao hayamo kwenye jalada.

Kwa maoni yangu walioanza ni wapiga ngoma wa jukwaani. Walikuwa tayari wanafanya hivyo kwenye harusi na maonyesho, wimbo wa zamani kwa ngoma mpya. Kampuni zikaiona hadhira inaruka, zikaleta studio.

#18 MzeeWaDeki
Octa_Upanga, ubarikiwe. Nimeuza kanda hizi kwa miaka na sikuwahi kuelezwa hivi.

#19 BintiVuga
Salaam. Nasoma tangu jana na roho inaniuma. Mnasifia kitu kilichoharibu.

Mie nimekulia karibu na sinema ya Majestic, Unguja. Nyumbani kwetu nyimbo zile zilisikilizwa kwa sahani, na mama yangu alijua wapi fidla zinaingia na wapi filimbi inajibu. Chukueni wimbo wowote wa Shankar na Jaikishan kwenye picha la Awara, 1951. Ndani mna watu wengi wanapiga na kila mmoja ana nafasi yake. Kimya kati ya mistari kimewekwa makusudi, mwimbaji anakuachia lile neno likuingie. Jhankar ikaja ikakijaza kile kimya. Hakuna pahala pa kupumulia. Mukesh analia na nyuma yake pana disko.

Octa_Upanga, simdharau mpigaji. Lakini kama alikuwa na kipaji hicho angepewa wimbo wake mwenyewe apige.

#20 Octa_Upanga
Dada BintiVuga, wengi wao walitamani hicho unachokisema. Studio ndiyo iliyolipa kazi ya kupachika. Na kuna watoto waliompenda Mukesh kwa sababu ya disko ile ile, wasingemsikiliza bila hiyo. Mimi mmojawapo.

#21 BintiVuga
Hilo nalikubali nusu. Walimpenda, lakini hawakumsikia.

#22 Mvita_Asili
BintiVuga nakuunga mkono kwa moja. Kwetu idhaa ya Kihindustani ya Nairobi ilikuwa ikipiga sahani zenyewe, kwa hiyo wazee wa Mombasa wazijua nyimbo safi. Waliozijua kwa jhankar ni vijana wa gari. Kwenye matatu kanda isiyo na ngoma haipandi. Injini yanguruma, dirisha liko wazi, makanga apiga bodi. Sauti ya Lata peke yake utaisikia wapi? Hapo ndipo jhankar ilipopata riziki. Na India ni vivyo hivyo: lori, teksi, riksho. Sababu ni gari, si sheria wala si Karachi.

#23 MzeeWaDeki
Gari na ubovu wa kanda ni sababu moja, Mvita. Vyote ni kelele inayopigana na wimbo.

#24 Leicester_Mswahili
Jamani, nami niongeze. Niko Leicester, wazazi wangu walitoka Kampala 1972 na nyumbani tunaongea Kigujarati, Kiswahili na Kiingereza vyote kwenye sahani moja.

Kwetu hadithi inapitia dandiya. Msimu wa Navratri, sikukuu ya Wahindu, watu wanacheza usiku kucha na fimbo, na wanataka nyimbo zisizokatika. Babla, mdogo wao Kalyanji na Anandji watunzi wa muziki wa picha, alitoa sahani za disko dandiya mwanzoni mwa miaka ya 1980: tuni za kitamaduni na za picha, ngoma za kisasa, zimeunganishwa moja kwa moja. Huyohuyo Babla na mkewe Kanchan walivuma mpaka kwa Wahindi wa Trinidad na Guyana. Kwa hiyo kabla ya Octapad ya 1985, wazo lilikuwepo: chukua tuni inayojulikana, itie mwendo wa kuchezeka.

Kisha Birmingham akaja Bally Sagoo, mtengenezaji wa rimiksi. Albamu yake ya Bollywood Flashback, 1994, ina "Chura Liya" hiyohiyo aliyoitaja Kisutu77. Ila pale si Asha, waliimba upya, na mwendo ni wa polepole wenye besi nzito ya kirege. Vijana wa Kihindi wa Uingereza waliokuwa wanaona aibu nyimbo za wazazi wao wakaanza kuzipiga kwenye gari madirisha yakiwa chini. Mwaka 1996 wimbo wake wa "Dil Cheez" ukaingia kwenye chati kuu ya Uingereza.

#25 Kisutu77
Asante Leicester. Kwa hiyo tuna aina tatu sasa: walioimba upya kwa bei rahisi (T-Series), waliopachika ngoma juu ya sauti halisi (jhankar), na waliotengeneza upya wimbo mzima kwa studio (Bally Sagoo). Nadhani tulikuwa tunazichanganya na ndio maana kila mtu ana mwanzilishi wake.

#26 JichoLaSheria
Hapo sawa. Na bado nasema bila bei ya Gulshan Kumar kuvunja ukiritimba, hizo nyingine mbili zisingepata kanda wala soko. Aliuawa Mumbai tarehe 12 Agosti 1997, na mpaka hapo kampuni yake ilikuwa imeshakuwa jitu.

#27 Mnazi_Mmoja
Naona mmesahau jambo moja la wazi. Waimbaji walikufa! Mukesh 1976, Rafi Julai 1980, Kishore Oktoba 1987. Watu wanawataka wao, na hawapo tena. Utafanya nini? Unachukua sauti waliyoiacha unaivika nguo mpya. Jhankar ilishika kasi baada ya Kishore kuondoka. Hesabu inakubali.

#28 Octa_Upanga
Ingekuwa hivyo jhankar ingekuwa ya marehemu tu. Mimi nilikuwa na kanda za Kumar Sanu zenye jhankar. Picha la Aashiqui ni la 1990, Saajan 1991. Mwimbaji mzima, anarekodi kila siku, na picha halijamaliza mwaka kanda yake ya ngoma iko sokoni.

#29 Daftari_Jeusi
Na hilo linamgonga MzeeWaDeki pia. Aashiqui ilirekodiwa kisasa, sterio, besi ipo. Hapakuwa na umono wa kuficha. Kwa nini nayo iongezewe?

#30 MzeeWaDeki
Kwa sababu mteja alishazoea. Ukishamlisha mtu pilipili miaka mitano, mpe na wali mtamu ataiomba pilipili. Na usisahau mvumo unatokana na kunakili, si na rekodi. Aashiqui nakala ya nne nayo ilivuma vilevile.

#31 Daftari_Jeusi
Hapo kwa kunakili umenijibu. Kwa mazoea hujanijibu, maana mazoea nayo yana mwanzo.

#32 Tandale_Kusini
Mimi na wenzangu tulikuwa tunafanya jhankar wenyewe. Redio kaseti moja inapiga, nyingine inarekodi kwa maikrofoni yake ya ndani, mdogo wangu anapiga ndoo na mimi napiga kinanda cha Casio kile kidogo chenye vitufe vya midundo, unachagua "disco" au "rhumba". Kwenye wimbo wa pili jogoo kawika na tukamwacha. Kanda ile tuliipiga kwenye sherehe ya kipaimara cha binamu na watu walicheza. Hakuna aliyeuliza jogoo kaingiaje.

#33 SitiYaMbele
Tandale_Kusini, itafute hiyo kanda uitundike humu. Tunalipa kiingilio.

#34 KinandaChaUnguja
Kwa kuwa mmefika kwenye Casio, niseme langu. Taarab ya kisasa iliyoanza miaka ya 1990, East African Melody na waliofuata, ile kuondoa kundi kubwa la fidla na kuweka vinanda na ngoma za umeme, chanzo chake ni masikio yaliyokwishazoea jhankar. Watu wazima hawapendi kusikia hili.

#35 BintiVuga
Hapana. Naomba tusivuke mpaka. Vinanda viliingia kwa sababu kundi la watu 30 kulisafirisha na kulilipa ni ghali, na kwa sababu watu walitaka kusimama wacheze na kutunza. Mwendo ule umetoka kwenye chakacha na ngoma zetu wenyewe. Kila kitu chetu kikitafutiwa baba Bombay tutabaki hatuna kitu.

#36 Mvita_Asili
Chakacha ni ya Mombasa na Lamu, nayo ilikuwa kwenye taarab tangu wakati wa Zuhura Swaleh, kabla hata hiyo Octapad haijaundwa. KinandaChaUnguja, hapo umepotea njia.

#37 KinandaChaUnguja
Sikusema mwendo, nilisema sauti. Zile tom za umeme zinazoshuka kabla ya kiitikio, nitajieni ngoma ya chakacha yenye mlio huo.

#38 Octa_Upanga
Mlio ni wa kiwandani Japani, kila mwenye chombo anao. Bendi za dansi nazo zinao. Haiwezi kuwa ushahidi wa upande wowote.

#39 Pamba_Nyeupe
Nimerudi. Na ile "Kaanta Laga" yenye video iliyozua kelele, nayo ni jhankar?

#40 Leicester_Mswahili
Hapana ndugu. Ile ni rimiksi ya 2002, DJ Doll. Wimbo wa asili ni wa Lata, picha la Samadhi, 1972, muziki R.D. Burman tena. Wakati huo kazi inafanyika kwenye kompyuta, mwimbaji mpya, na kinachouza ni video ya runinga. Kanda zilikuwa zinaaga. Jhankar haikuwa na video wala sura ya mtu. Ilikuwa jalada, picha ndogo ya shujaa, na ngoma.

#41 MuscatKwetu
Na hiyo ndiyo tafauti kubwa. Ile ya runinga watu waliijadili magazetini, wazee wa muziki wakalalamika. Jhankar hakuna aliyeiandika. Iliingia madukani, magarini, majumbani, ikatoka, na mpaka leo hatujui hata jina la mpigaji mmoja.

#42 Kisutu77
Hili limenikaa, MuscatKwetu. Wakuu, ninazo kanda kama kapu zima za ndugu yangu aliyekuwa baharia, nyingi za Karachi na Dubai. Nataka kuziingiza kwenye kompyuta kabla hazijaoza, pamoja na majalada, maana pengine kwenye majalada mna jina la studio au mwaka. Kuna zinazozunguka lakini sauti imezama kama iko chini ya maji. MzeeWaDeki, naanzia wapi?

#43 MzeeWaDeki
Usizipige kwanza. Fungua kila moja uangalie kile kisponji kidogo kilichokaa katikati, kinachobana utepe kwenye hedi. Gamu yake hukauka, kikidondoka sauti inazama hivyohivyo unavyosema. Kitoe kwenye kanda mbovu ukipachike. Kama ganda lina skrubu ni rahisi, kama limegandishwa itabidi ulipasue uhamishie utepe kwenye ganda jingine.

Pili, safisha hedi ya deki kwa spiriti na pamba, na ile roli ya mpira pia. Tatu, ukiona besi ipo lakini sauti za juu hazipo, kuna skrubu ndogo kando ya hedi. Izungushe kidogo sana huku unasikiliza mpaka herufi za "s" za mwimbaji zing'ae. Kila kanda iliyorekodiwa kwa mashine tofauti itataka kuwekwa upya. Na kanda za C90 utepe wake ni mwembamba, usizirudishe kwa kasi. Zizungushe mbele mpaka mwisho kwa kuzipiga, kisha ndiyo urekodi.

Usitumie kichujio cha kuondoa mvumo kwenye kompyuta. Hifadhi kama ilivyo, kusafisha kutakuja baadaye.

#44 BintiVuga
Kisutu77, ukikuta humo "Awara" yenye jhankar na isiyo na jhankar, ziweke zote mbili humu ndani, ya asili itangulie. Halafu nataka Octa_Upanga atuoneshe dakika ambayo yule mpigaji amechelewa.

#45 Octa_Upanga
Nipo tayari dada. Leta kanda tu. Na majalada yapigwe picha pande zote, hata ule upande wa ndani. Studio za Karachi nimesikia mara nyingine ziliandika jina pale chini kwa maandishi madogo ya Kiurdu.

#46 MuscatKwetu
Kiurdu nasoma. Nitumieni.

#47 JichoLaSheria
Mkipata mwaka kwenye jalada lolote uwe chini ya 1985, nitakuja hapa kuuliza upya. Kwa sasa nabaki na Delhi.

#48 Mvita_Asili
Nami nabaki na gari. Kisutu77, hizo za baharia zina hata moja ya Bhalo?

#49 Kisutu77
Zimo mbili, majalada yameandikwa kwa kalamu. Nitaanza na hizo.